Isale na Kilele: Historia ya Mipaka ya Mlima Kilimanjaro

Kila jamii iliyoishi mahali pamoja kwa muda mrefu hujiwekea alama za kuonyesha mwisho wa haki ya mtu na mwanzo wa haki ya jirani yake. Wachagga, wakazi wa miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, walichagua mmea. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, usiokufa upesi, ambao tangu kale hupandwa mpakani baina ya kihamba na kihamba. Lakini jani hilo hilo, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu aliyekosewa, lilikuwa ombi la msamaha ambalo halikuwa rahisi kukataliwa. Hivyo mmea mmoja ulibeba kazi mbili, kuweka kikomo na kuleta suluhu, na waliouchagua hawakuona kwamba kazi hizo zapingana.

Katika insha hii twataka kuitazama historia ya Mlima Kilimanjaro kwa njia ya mipaka yake: nani aliiweka, kwa manufaa ya nani, na nani aliitii. Sababu ya kufanya hivyo ni swali lililo mbele ya taifa letu. Mlima huu ni hazina ya maji, misitu na heshima. Tena ni kivutio kikubwa cha watalii wanaoleta fedha za kigeni. Je, twaweza kuwapokea wageni wengi zaidi bila ya kuuharibu mlima wenyewe? Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba fedha ni lazima zipatikane, na wapo wanaojibu kwa haraka kwamba mlima ufungwe. Historia haiwaungi mkono hao wala hao. Yaonyesha kwamba mlima ulitunzwa vema pale ambapo watu wanaoutegemea walishiriki katika kuweka mpaka na kuulinda, na kwamba uliharibika pale ambapo mpaka uliwekwa bila wao, au haukuwekwa kabisa.

Mlima na Wenyeji Wake

Kilimanjaro si mlima mmoja bali ni mitatu iliyoungana. Shira, ulio magharibi, ndio mkongwe, nao umekwisha kulika hata umebaki kuwa uwanda wa juu. Mawenzi, ulio mashariki, una meno ya mawe na urefu wa mita 5,149. Kati yao umesimama Kibo, wenye kilele cha mita 5,895, ambacho ni kirefu kuliko vyote barani Afrika. Wazee wa Uchagga walikuwa na maelezo yao juu ya sura hizo. Walisimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Akapewa. Akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana hata leo uso wa Mawenzi umechanjika. Watoto hucheka wanaposimuliwa kisa hiki, lakini watu wazima husikia ndani yake habari ya jirani asiyejua kikomo cha kuomba.

Chini ya vilele kuna jangwa la mawe na baridi. Chini ya jangwa kuna nyika ya vichaka. Chini ya nyika kuna msitu mzito. Na chini ya msitu kuna vihamba vya migomba na kahawa, ambamo watu wamejenga. Wengi hudhani kwamba maji ya Kilimanjaro hutoka katika barafu ya Kibo. Sivyo. Sehemu kubwa mno ya maji hayo hutoka katika msitu. Mvua nyingi hunyesha huko, na hata siku isiyo na mvua ukungu hupita katikati ya miti, ukaacha matone juu ya majani na juu ya ndevu za kuvumwani zilizoning'inia matawini. Matone hayo huanguka, hunywewa na udongo, na hatimaye hutokea chini kama chemchemi na mito. Mwenye kuukata msitu, basi, huikata mvua ya jirani yake aliye bondeni.

Wachagga waliyatoa maji hayo mitoni kwa mifereji iitwayo mifongo. Kila mfongo ulianzia juu, penye kijito, ukapitishwa kwenye kingo za mabonde kwa ufundi wa macho na mkono tu, hata ukafika katika vihamba. Mtaalamu wa mambo ya kale, Fidelis Masao, aliueleza mfumo huo katika makala yake ya mwaka 1974. Mfongo ulikuwa wa ukoo au wa mtaa uliouchimba. Ulikuwa na mzee wake aliyegawa zamu za maji, na ulikuwa na siku zake za kazi ya pamoja za kuuzibua na kuutengeneza. Asiyefika kazini alitozwa faini, mara nyingi ya mbege, au alinyimwa zamu yake. Hapakuwa na askari wa maji. Aliyevunja sheria alijulikana kwa jina, na waliomhukumu ndio waliokuwa wakinywa maji yale yale.

Juu ya msitu watu hawakujenga. Waliingia huko kuwinda, kurina asali, na kupita kwenda upande wa pili wa mlima. Kibo chenyewe kilitazamwa kwa heshima, na upande unaoelekea Kibo ulihesabiwa kuwa upande wa baraka. Hofu ya baridi na heshima ya kilele viliweka mpaka wa juu, kama vile isale ilivyoweka mpaka wa chini.

Wageni wa Kwanza

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, mtu aliyezoea misafara ya bara. Rebmann alipotaka kujua weupe ule ni kitu gani, jibu alilolipata lilikuwa neno moja la Kiswahili: baridi. Mabingwa wa jiografia huko Uingereza hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta, na mmoja wao, Desborough Cooley, aliipinga habari hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, alipanda hata akaigusa theluji yenyewe, na ubishi ukakosa nguvu.

Kilele kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Vitabu vingi huishia kwenye majina hayo mawili. Lakini Mangi Mareale wa Marangu ndiye aliyewapokea. Wapagazi ndio waliowapelekea chakula kutoka kambi ya chini. Na mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, alikaa nao katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari, katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuzaliwa nayo. Wenyeji wa Marangu husimulia pia habari za Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao aliyewaonyesha njia. Tangu siku ya kwanza, basi, upandaji wa Kilimanjaro umesimama juu ya mabega ya watu ambao majina yao hayakutangulia.

Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Vibanda vya kulala wapandaji vilipojengwa baadaye, kimoja kiliitwa Bismarck na kingine Peters. Huyo Carl Peters alikuwa mtawala wa Kilimanjaro aliyefukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897, kwa sababu ya ukatili alioufanya katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wenzake. Mgeni aliyelala katika kibanda cha Peters alilala chini ya jina la mtu ambaye wenyeji walimkumbuka kwa kamba ya kunyongea.

Mipaka ya Wakoloni

Wakoloni walileta mpaka wa aina mpya, ule unaochorwa juu ya karatasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Wajerumani iliufanya mlima kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1921 Waingereza wakautangaza msitu wake kuwa msitu wa hifadhi. Hatuna budi kusema kweli: bila ya tangazo hilo pengine msitu mwingi zaidi ungalikwisha. Lakini kweli ina upande wa pili. Mtu aliyekuwa akikata mti wa nyumba yake kwa ruhusa ya wazee alijikuta siku moja ni mwizi, na mkulima aliyekosa kihamba aliona shamba la mlowezi lililo pana bondeni na msitu uliokatazwa mlimani, naye amebanwa katikati.

Kubanwa huko kulizidi kadiri watu walivyoongezeka. Kilimo cha kahawa kilistawi. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, nacho kikafuatwa mwaka 1933 na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Kahawa ilileta shule, bati na hospitali, lakini ilishika ardhi, na kihamba cha baba kiligawanywa kwa wana mpaka kikawa kijisehemu. Mwaka 1967 Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa kuwa na watu 650,000 hivi. Mwaka 2022 ulikuwa na zaidi ya 1,860,000.

Jambo moja lililofanywa wakati wa Waingereza lastahili kukumbukwa. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wenye upana wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu, kusini na mashariki. Ukanda huo uliwekwa chini ya baraza la Wachagga wenyewe, ili wananchi wapate kuni, nguzo na majani ya mifugo humo, na msitu ulio juu usiguswe. Ulipandwa miti na ukatunzwa. Kwa nini? Kwa sababu mwanakijiji aliyemwona mwenzake akikata mche alijua kwamba ni nguzo ya kesho inayoibwa, tena ni yake. Ukanda wa nusu maili ulikuwa isale pana: ulitenga, na papo hapo ulisuluhisha. Baada ya Uhuru usimamizi wake ulihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila ulipohama, yule aliyekuwa akiulinda alizidi kuwa mbali na yule aliyekuwa akiutumia. Miti ikapungua.

Uhuru Juu ya Kilele

Tarehe 9 Desemba 1961, nchi yetu ilipopata Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha Mwenge juu ya Kibo, kama Mwalimu Nyerere alivyokuwa amekwisha kuahidi miaka miwili kabla. Jina la Kaiser likafutwa, kilele kikaitwa Uhuru. Vibanda navyo vilibadilishwa majina. Bismarck kikawa Mandara, kwa kumkumbuka mangi wa Moshi aliyejulikana pia kwa jina la Rindi. Peters kikawa Horombo, kwa kumkumbuka mangi shujaa wa Keni. Kilima kilichokuwa alama ya milki ya wengine kikawa alama ya taifa.

Miezi michache kabla ya siku hiyo, Septemba 1961, Mwalimu alitoa Tamko la Arusha juu ya wanyama na mapori, akiahidi kwamba serikali ya Waafrika ingevitunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori huko Mweka, kwenye miguu ya Kilimanjaro, kuwafunza Waafrika kazi hiyo. Lakini utalii wenyewe haukupokewa bila maswali. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali magazetini mjini Dar es Salaam, vijana wa Chuo Kikuu na watu wa serikali wakijadiliana kama nchi ya ujamaa yafaa kuwategemea watalii. Upande mmoja ulisema kwamba fedha hiyo ingejenga shule na viwanda. Upande wa pili ulionya kwamba mtu aliyezoea kumtumikia tajiri kwa bahashishi hawezi kusimama wima. Hoja zile hazijazeeka.

Nchi ilichagua kuendelea. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1973 eneo lililo juu ya mita 2,700 hivi lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1977 likafunguliwa rasmi kwa wageni. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983, kwa hiyo wageni hawakumiminika mara moja. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, uliuingiza mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mzigo wa Mgeni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji hupona. Siku hizi wapandaji wa Kilimanjaro hufikia kama 50,000 kwa mwaka. Kiingilio wanacholipa hutunza mlima huu na kusaidia hifadhi nyingine za taifa ambazo haziwezi kujilisha. Waongozaji, wapishi na wapagazi kwa maelfu hupata riziki, na kijana aliyekosa kihamba amepata njia nyingine ya kujenga nyumba.

Lakini na tupige hesabu, kama mwanafunzi wa sekondari awezavyo. Mgeni mmoja hufuatana na watu watatu, na pengine zaidi, wa kumbebea hema, chakula na maji. Wageni 50,000 mara watatu ni safari 150,000 za wenyeji. Jumla ni safari 200,000 kwa mwaka katika njia chache tu: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na Mweka ya kushukia. Kila safari huchukua siku tano hadi nane. Kila mtu hula, hujisaidia, hulala, hukanyaga.

Njia hukanyagwa hata majani yakafa. Mvua hufanya mkondo hapo. Wapandaji hukwepa tope wakipita pembeni, na njia hupanuka. Huko juu kwenye baridi takataka hazioze upesi kama zinavyooza bondeni, na mashimo ya vyoo hujaa. Zamani wapagazi walipika kwa kuni, wakakata mimea mikubwa ya jamii ya Senecio, iliyo kama nguzo zenye vilemba, ambayo hukua polepole mno na aina yake nyingine haipatikani mahali pengine duniani. Ilibidi kanuni zibadilike. Kuni zilikatazwa, wapishi wakatakiwa kupikia gesi. Takataka hupimwa uzito na kushushwa mpaka langoni. Mzigo wa mpagazi uliwekewa kikomo cha kilo 20. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote mwaka 2019. Kanuni hizo zafaa, lakini hufuatwa pale tu ambapo anayezitekeleza ana sababu ya kufanya hivyo. Mpagazi anayelipwa ujira mdogo, na kulala kwenye baridi bila nguo za kutosha, hatuwezi kumtazamia abebe kwa moyo radhi taka za mtu mwingine. Haki ya mpagazi na usafi wa mlima ni jambo moja.

Barafu, Moto na Maji

Imekuwa desturi kumlaumu mtalii kwa kuyeyuka kwa barafu ya Kibo. Mwenye kufundisha lazima atenganishe mambo. Mwaka 1912 barafu ilienea kiasi cha kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata mbili. Chanzo ni ukavu wa hewa ulioanza tangu mwisho wa karne ya 19, pamoja na ongezeko la joto la dunia nzima. Viatu vya wapandaji havikuiyeyusha, wala langoni hatuwezi kuweka mlinzi wa kuzuia joto hilo. Barafu ikitoweka, tutakuwa tumepoteza uzuri na kumbukumbu kubwa. Lakini maji hayatakoma, maadamu msitu upo.

Jambo lililo mikononi mwetu ni moto na shoka. Tangu miaka ya 1970 moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita katika sehemu kadhaa, na mahali pa miti iliyokamata ukungu pameota vichaka vifupi. Wengine huwasha moto wakirina asali, wengine wakisafisha mashamba, wengine kwa uzembe wa kambini. Mikulo, miti mirefu yenye mbao za thamani, imekatwa kwa siri, ingawa serikali ilipiga marufuku ukataji wa msitu wa asili wa mlima huo mwaka 1984. Hata hivyo msitu bado una siri zake: mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde moja la Kilimanjaro umesimama mti wa mita 81.5, aina ya Entandrophragma excelsum, mrefu kuliko mwingine wowote uliopata kupimwa Afrika. Mti huo ulinusurika kwa sababu bonde lake halifikiki kwa urahisi.

Na hasara ya msitu haiishii Uchagga. Mito ya kusini hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hutoka hapo ikawa Mto Pangani, huzungusha mitambo ya umeme huko Hale na Pangani, kisha huingia baharini katika mji ule ule alikotoka Mwini Amani. Kaskazini, chemchemi za mlima hulisha mabwawa ya Amboseli nchini Kenya. Anayewasha moto usiotazamwa katika Kilimanjaro huugusa mtungi wa mtu asiyemjua.

Mlango Mmoja, Watu Wawili

Mwaka 2005 msitu wa hifadhi, pamoja na ukanda wa nusu maili, uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Nia ilikuwa njema: kukomesha ukataji na kuuweka mlima wote chini ya ulinzi mmoja. Miti mingi imepona kwa sababu hiyo. Lakini mama aliyezoea kuingia ukandani kutafuta kuni na majani ya ng'ombe aliona mlango umebanwa, na hapo hapo akaona magari ya wageni yakipita kwenda langoni. Wote wawili, mama na mgeni, wataka kuingia katika msitu ule ule. Mmoja ana fedha ya kiingilio na mwingine hana. Tukimwambia mama huyo kwamba msitu ni urithi wa taifa, atajibu kwamba naye ni taifa. Jibu hilo halipaswi kupuuzwa, na vijiji vya mpakani vimeendelea kuliuliza serikalini.

Oktoba 2020 swali hilo lilipata jibu la moto. Tarehe 11 ya mwezi huo moto ulizuka eneo la Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Hifadhi za Taifa zilieleza kwamba ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ulienea kwa siku nyingi, ukaunguza eneo la karibu kilomita 95 za mraba. Nani aliuzima? Askari wa hifadhi na wa zimamoto, wanafunzi wa Mweka, waongozaji, wapagazi, na wanavijiji, mamia kwa mamia, wakipanda kwa miguu na matawi mikononi, wakipokezana maji na chakula. Katika siku ya shida, mlima ulilindwa na watu wale wale ambao katika siku za raha mpaka uliwaweka nje. Haiwezekani kumhitaji mtu kwenye moto tu.

Mwaka mmoja kabla, mwaka 2019, serikali ilikuwa imetangaza kwamba yafikiria kuweka magari ya kebo ya kuwapandisha wageni mlimani. Waliounga mkono walisema kwamba wazee, walemavu na wenye nafasi fupi nao wangeweza kuuona mlima, na mapato yangeongezeka. Wapagazi walihofu: mgeni anayepanda na kushuka kwa siku moja hahitaji mpagazi. Wengine waliuliza juu ya nguzo, kelele na ndege wa msituni. Hatusemi kwamba kila chombo kipya ni kibaya. Twasema kwamba mpango wowote wa namna hiyo upimwe kwa maswali matatu, ambayo mzee wa mfongo angeyaelewa: maji yatapungua au hayatapungua? Nani atafanya kazi ya kulitunza jambo hili? Na asiyefanya kazi, lakini akafaidi, atatozwa nini?

Wajibu Wetu

Yafuatayo yatokana na historia tuliyoisimulia. Kwanza, idadi ya wapandaji katika kila njia iwe na kikomo kinachojulikana, na njia zilizochoka zipumzishwe, kama mkulima apumzishavyo shamba. Pili, sehemu ya kiingilio irudi kwa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa namna ambayo mwanakijiji ataiona kwa macho: darasa, zahanati, kitalu cha miche. Tatu, ukanda wa nusu maili, au mfano wake, uwe tena na wazee wake, wenye madaraka na wajibu, ili mwenye kuni leo awe mlinzi wa mti wa kesho. Nne, ujira na hali ya mpagazi vihesabiwe kuwa ni sehemu ya uhifadhi, si huruma ya mwenye kampuni.

Huenda ikasemwa kwamba kikomo kitapunguza fedha. Kwa mwaka mmoja pengine kitapunguza. Lakini wageni huja kwa sababu ya msitu, ukimya na weupe wa kilele; hawatakuja kutazama vumbi. Mwenye ng'ombe wa maziwa hamkamui mpaka damu.

Kwa walimu na wanafunzi kazi ipo, na haihitaji fedha. Walio karibu na mlima na waende kwa wazee, waandike majina ya mifongo ya mtaa wao, nani aliichimba, sheria zake zilikuwa zipi, na ni mingapi ingali inatiririsha maji. Walio mbali na waifuate ramani ya maji kutoka msituni mpaka Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, kisha wajiulize taa ya nyumbani kwao yategemea mti upi. Kazi za namna hiyo zikikusanywa shuleni, zitafaa siku serikali na vijiji watakapokaa pamoja kuizungumzia mipaka ya Kilimanjaro. Na siku hiyo, kama desturi ya wazee ingali na maana kwetu, wataanza mazungumzo kwa jani la isale lililofungwa fundo.